Kibati cha Koti

Magoti ya Murdo yalistaafu kabla ya masikio yake,
kwa hiyo siku hizi mimi ndiye mbebaji wa mashine,
yeye ndiye msikilizaji.
Anakaa kwenye benchi lenye jina la diwani marehemu,
hedifoni juu ya kofia ya sufu,
chupa ya chai kati ya viatu,
na waya mrefu aliouungaunga mwenyewe
unatambaa nyasini mpaka kiunoni kwangu.
Mbuzi na kamba yake.
Sijui nani kati yetu ndiye mbuzi.

"Polepole," anasema. "Unafagia, hufyeki."
Miaka hamsini na tatu nimefagia nyumba yake,
leo ndiyo ananifundisha.

Dundee imeamka na ukungu wa baharini.
Daraja la Tay limeishia hewani,
bustani ni yetu na ya mbwa watatu.
Kibali cha halmashauri kimekunjwa mara nne mfukoni:
tusichimbe kupita inchi sita,
tusiguse vitanda vya maua,
tukipata cha kale tumpelekee Fergus wa makumbusho,
kijana anayepokea misumari yetu
kwa adabu ya anayepokea mahari.

Ti.
"Kizibo cha soda."
Tii-ti.
"Foili. Achana nayo."
Mlio mzito, wa mtu anayezuia kikohozi kanisani.
"Msumari."
Hainuki, haoni, hakosei.
Miaka thelathini na moja alilala chini ya matumbo ya mabasi,
akajua basi linaumwa kabla dereva hajasema.
Mimi nikisema naumwa kichwa, huuliza, "Eh?"

Hapa palikuwa na ukumbi wa dansi, wa mbao,
kabla ya moto.
Kiangazi kikiwa kikavu
mistari minne ya hudhurungi hujichora nyasini
pale misingi ilipolala.
Mvua ikinyesha inafutika.

Karibu na mstari wa tatu, mlio mfupi, bapa.
"Foili," akasema. "Songa mbele."
Sijui ni ubishi gani ulinipanda.
Nikapiga goti, nikakata nyasi pande tatu,
nikaikunjua kama pembe ya blanketi.
Udongo mweusi, baridi, kidole kikazama.
Kibati cha shaba, tundu juu.
Nikakisugua kwa mate:
mbili, moja, mbili.

"Ni nini?" akapaza sauti, kama wapazavyo wenye hedifoni.
"Foili," nikamjibu.

Nikamwekea kiganjani.
Alikitazama mpaka chai ikapoa.

Chumba cha makoti.
Bibi Auchterlonie nyuma ya kaunta:
huna kibati, huna koti, hata ungekuwa mfalme.
Na usiku ule wa Februari
Murdo alinisindikiza mpaka Lochee kwa shati na tai,
theluji ikimtua mabegani,
akisema mwanamume hasikii baridi.
Nikampenda kwa hilo.
Nilimsimulia mama, nikawasimulia watoto,
nikasimulia harusini kwa binti yetu, nikiwa na glasi mkononi.
Nyumba nzima nimeijenga juu ya shati lile.

"Namba yako ilikuwa ngapi?"
"Nani anakumbuka namba ya koti?"
Lakini masikio yake, yale yasiyokosea,
yalikuwa mekundu.

"Murdo. Ulisikia baridi?"

Akavua hedifoni, mara ya kwanza asubuhi ile.
"Nusura nife, Ishbel.
Kuanzia kanisani sikuhisi vidole.
Koti lenyewe lilikuwa la kaka yangu.
Alinipiga."

Nikarudi kufukia shimo.
Nikalaza nyasi, nikakanyaga kingo
kama kibali kinavyotaka.
Kibati hakikurudi mkononi mwangu,
na Fergus hataulizwa.
Kisha waya ukanivuta kiunoni,
mara moja,
tena.