Fanusi

Sehemu ya saba, saa nne ya usiku, Mabela.
AC inakoroma, halwa imebaki kingo tu.
Suud keshamkamata muuaji tangu juzi:
"Ni mwenye duka la lulu. Muangalie macho."
Nasra kapenda kanzu za mpelelezi;
hata maiti ikiokotwa, anauliza fundi nani.

Bi Ghaniya, tuliyedhani kasinzia,
kaweka kikombe chini.
"Mzinga umeshalia?"
Umelia, bibi, ule wa ngomeni.
"Na lango?"
Limefungwa.
"Basi huyu bwana fanusi yake iko wapi?"

Tukacheka. Mchezo tu huo, bibi.
"Mchezo! Mie nimeshukia Matrah bi harusi,
mkono huu ulijua taa kabla ya kumjua mume.
Bila taa, unalala kwa askari.
Huyu kapita mbele yao mara tatu, hawamuoni.
Hawamuoni, au wanamjua?"

Suud akafunga mdomo.
Wiki nzima tukangoja.

Sehemu ya nane: mwenye duka la lulu.

Bibi akasonya, akainuka kwenda kulala.
Ukumbini taa kumi na mbili zinawaka;
mkono wake wa kulia kauinua kidogo,
kaukunja ngumi.