Kizingiti, Nakala Thelathini na Moja

Macho yalipomfifia Sinyori Ottavio
alinipa kazi ya pili, juu ya kufua na kupika:
kumsomea, saa kumi alasiri, barazani kwake Casuarina,
gazeti dogo la kwao lililokufa zamani,
nakala thelathini na moja ndani ya sanduku la bati.
Vita vilikuwa vimekwisha, vigogo wao wameanguka,
vijana wachache, alisema, wakachangishana hela za karatasi.
Jina lake, ukilileta kwetu, ni Kizingiti.

Nilisoma kama nilivyosoma juzuu chuoni,
herufi barabara, maana hewa,
naye akitikisa kichwa kama mtu anayekunwa mgongo.
"Polepole, Mwanasha. Hapo pana koma."

Nakala ya kwanza: picha ya sanamu isiyo na mikono.
Ya tatu, shairi la mkulima wa zeituni.
Ya tano, namna ya kusikiliza kinanda.
Nikasema moyoni, hawa ni watu wa adabu.
Mwaka wa pili nilishajua mkate, maji, ardhi, damu,
na damu ilikuja mara nyingi kuliko mkate.

Lugha haibishi hodi.
Unapepeta mchele,
neno la jana linajifungua lenyewe.
Ndivyo nilivyoielewa ramani ya nakala ya tisa
na aya iliyoisifia ndege iliyovuka Juba ikaja kusini,
kwamba kimji fulani cha minazi na mbu
siku ile kilionja ustaarabu.
Jina hawakuliandika. Mimi nalijua.
Bibi yangu alikimbilia mashamba, mwaka wa arobaini,
mtoto mgongoni, sufuria ya uji mkononi, bado ya moto.
Alirudi na kipande cha chuma
ambacho hadi leo huuzuia mlango wetu Shela usijibamize.

Sikuacha kazi. Niseme kweli:
karo ya Athumani ilikuwa haijaisha.
Kesho yake niliruka mistari mitatu tu.
Akainua kidole.
Akaisema yeye, kwa kichwa, yote, koma kwa koma.
Ndipo nikamjua aliyejificha
nyuma ya lile jina la bandia, Mlinzi wa Taa.
"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," akasema.
Nikangoja. Nilidhani sentensi ile ina mkia.
Akaomba chai.

(Mkono uleule ulilipa hospitali ya mama,
siku kumi na saba, bila kuulizwa.
Mpaka leo sijui niuweke wapi mkono huo.)

Alizikwa Machi, mvua haijaanza.
Mpwa wake akaja kwa siku nne,
akachukua saa ya ukutani na picha zenye fremu.
"Karatasi hizo tupa."
Nikazipeleka Barani kwa Dama wa viazi karai.
Akazipima: kilo sita na nusu.
Tukakubaliana shilingi mia, na mfuko mmoja wa viazi.

Nilikula nimesimama.
Mafuta yalipoingia, ukurasa ukawa kioo,
zeituni upande huu, upande ule hesabu ya mafuvu,
nani ana kichwa cha kutawala na nani cha kubebea,
mistari ikikumbatiana kinyumenyume
hata nisiweze tena kusoma mmoja bila mwingine.
Na hivyo ndivyo lilivyokuwa tangu mwanzo,
ila karatasi yao ilikuwa nzito.
Kando yangu mtoto wa shule
akapangusa ukwaju kwa sanamu isiyo na mikono,
akaifinyanga, akaitupa, akakosa pipa.

Nakala ya tisa sikuiuza.
Ipo nyumbani, mlangoni, chini ya kile chuma.
Mgeni huiruka bila kuitazama.
Juzi kuku wa jirani ameingia, ametagia juu yake.
Yai nimelikaanga.