Nusu Shairi

Kiharusi kilimwachia mama maneno kumi na moja:
"hapana", "chumvi", jina la mbwa aliyekufa zamani,
mengine ya namna hiyo.
Na juu ya hayo, bila kigugumizi hata kidogo,
mistari miwili na nusu:

    Usinisubiri chini, nimepanda na theluji,
    mwambie mama jikoni anibakizie uji,
    na kama nitachelewa —

Hapo hukoma, akaniangalia
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
akidhani imebaki moja.

Jina langu halimo katika yale kumi na moja.
Nikaenda kulitafuta shairi, kwa wivu kidogo, sitaficha.

Mwalimu Mzevinari, miaka themanini na minne,
aliinua kidole kabla sijamaliza:
"Hilo nililifundisha mwenyewe, darasa la sita!"
Tukapekua mpaka chai ikapoa.
Darasa la sita lilisoma shairi la tai.

Ipolite, muuza vitabu vikuukuu kule Kutaisi,
aliapa kwa kaburi la babake kwamba analijua,
akaniuzia vitabu vitatu.
Theluji ilikuwamo, tele. Uji, hata kijiko.

Mwanakwaya mmoja akasema, huo ni wimbo,
akaniimbia mwingine, mrefu, macho kayafumba.
Sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Ni kwenye basi la kurudi Chiatura nilipojiuliza
swali ambalo mjinga angeanza nalo:
mama, asiyeshika kitabu, alilisoma wapi?
Miaka kumi na tisa aliendesha kigari cha waya,
kile cha chuma, kutoka mto Kvirila hadi mgodini,
akipandisha wachimbaji safi na kuwashusha weusi.

Kituo cha zamani kimefungwa.
Valiko mlinzi alinipa kurunzi na dakika kumi.
Kigari namba nne kilinuka kutu na mkojo wa paka.
Nyuma ya wenzo palikuwa na ufa,
na mtu aliwahi kuuziba kwa gazeti la mgodi
upepo usimng'ate dereva mgongoni.
Baadaye akaja mtu mwingine, mtu wa kanuni,
akapigilia kibati juu ya gazeti, boliti mbili:
WATU WANANE, SI ZAIDI.
Juu ya kibati, mistari miwili na nusu.

Mama hakusahau kitu.
Hakuwahi kuona zaidi.

Valiko alikuwa na spana.
Sikumwambia afungue. Sikumwambia asifungue.
Chini ya kibati karatasi ilikuwa nyeupe
kama ngozi chini ya saa ya mkononi:

    ... ni kwa tani mia mbili
    tulizoahidi sisi, zamu yetu ya Aprili,
    bendera yetu i juu, haitashushwa, ni kweli.

Hilo "ni kweli" la kujazia mizani
lilinifanya nicheke, kisha nikakaa kwenye sakafu.
Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.
Ongeza irabu moja tu.

Safari arubaini kwa siku, dakika sita angani,
amesimama mbele ya sentensi iliyofungwa kwa boliti.
Sijui alikuwa akiimalizia vipi.
Pengine kila safari kivyake: siku ya ukungu hivi,
siku ya mshahara vingine;
siku walipopanda wanane wakashuka saba, sijui.
"Nirudishe kibati?" Valiko akauliza.
Nikamshikia kurunzi.

Jioni nilimkuta dirishani.
Nakala ilikuwa mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne.
Akaanza. Akapita theluji, akapita jikoni,
"na kama nitachelewa —"
akaniangalia.

"Tumekubakizia," nikasema,
nikaweka bakuli la uji wa mahindi mapajani mwake,
mkono wangu chini yake maana wa kwake hautulii.
Akapuliza. Akaonja.
Akafikiri kwa muda mrefu.

"Chumvi," akasema.