Mlango wa Barabara ya Nane

Kibao cha kwanza alikichora babu,
herufi nyekundu, kivuli cheusi:
VITHALDAS NA WANAWE, NGUO NA VYOMBO.
Wana wenyewe walikuwa mabinti watatu.
Babu aliuliza, akajibiwa, "Chora tu, fundi."

Mkonge ulipokuwa na bei
manamba walishuka na treni mwisho wa mwezi
kununua baiskeli, karabai, kanga za kupeleka kwao.
Bei ilipoanguka, daftari la mkopo likanenepa
kuliko mwenye duka.

Cha pili ni cha baba: DUKA LA USHIRIKA.
Foleni ya sukari ilikunja kona hadi Barabara ya Tisa.
Watu walipanga matofali yawashikie nafasi;
Bi Mwanakombo lake alilipaka hina, lisibadilishwe.

Kisha Shekuwe akashona humo miaka kumi na minne
bila kibao chochote.
"Cherehani inanitangaza," alisema.
Baba akamnunia.
Mwishowe kibao alimchorea, bure,
cha kichwani pa kaburi.

Leo nimepanda ngazi ileile,
kipago cha tatu bado kinalia.
Binti wa uwakala ananisomea maneno kutoka kwenye simu:
WEKA NA TOA PESA HAPA.
Nyeupe juu ya kijani, mikono miwili ya rangi.

Masika yakianza, najua, ukuta utalowa
na lile WANAWE litachomoza tena,
jekundu, chini ya pesa.
Sijamwambia.
Amenilipa nusu.