Umri wa Kamba

Tulirudi kabla ya saa sita mchana,
hata nusu ya maporomoko hatujaifikia.
Barafu ilikuwa nyeupe, mbichi, imejaa hewa;
ukiigonga yavuma debe tupu,
na debe tupu, alisema Ctibor, halibebi mtu.

Sasa tumo kibandani. Glavu zimening'inia juu ya jiko
zikidondosha Tatra nzima, tone kwa tone, sakafuni.
Supu ya kabichi chachu. Chai, na ndani ya chai ramu.
Na maneno, maana mpanda barafu aliyekosa barafu
hupanda maneno.

"Juzi palishika vizuri."
"Juzi hukuwepo."
"Shemeji yangu alikuwepo."
"Shemeji yako hata ngazi ya dari humshinda."

Ctibor, daktari wa meno, ananoa shoka kwa tupa,
jicho moja amelifumba, kana kwamba ncha ile ni chonge ya mtu
na mtu mwenyewe analia.
Radka huendesha tramu mjini Košice;
wengine wakizungumzia kupanda, yeye huzungumzia breki.

"Blažej," akasema, "kamba yako ina umri gani?"

Zamani ilikuwa nyekundu. Sasa ina rangi ya ufizi.
"Miaka mitano."
"Mwaka jana ulisema mitano."
"Mitano na ushei."
Kutoka jikoni Hedviga mwenye kibanda, bila kugeuka:
"Ulikuja nayo mpya mwaka niliponunua jiko hilo.
Jiko hilo lina miaka kumi na mmoja."

Tukacheka. Ctibor alicheka hadi tupa ikamponyoka.
Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaacha:
asubuhi ile, mita nane za mwisho,
aliyeshushwa kwa kamba hiyo nilikuwa mimi,
nikilalamikia vidole vya miguu.

Radka akaivuta magotini, akaipitisha mikononi
mita baada ya mita, macho ukutani.
Mahali fulani mkono ukasimama. Ukarudi nyuma. Akaikunja.
"Hapa."
Tulipagusa mmoja mmoja. Palikuwa laini kama ndewe la sikio.
Kamba hukatikia pembamba:
methali ilikaa mezani kati ya mabakuli
na hakuna aliyeitia kijiko.

"Hii ilimdaka Otília," akasema Blažej,
akiliambia jiko zaidi ya sisi.
"Alining'inia dakika ishirini akinitukana
matusi ambayo sikujua binti wa mchungaji anayajua.
Mwezi wa sita tukaoana."

Hedviga akaleta kisu cha mkate,
chembe bado zimenasa katika meno yake,
akakiweka, akarudi kwenye sufuria zake.

Blažej alikata mwenyewe. Ilichukua muda;
kitu kilichozoea kushika hakiachii upesi.
Ganda lilipoachana, nyuzi za ndani zikachomoza
nyeupe, nyeupe mno,
kana kwamba miaka yote kumi na mmoja
hazikuwahi kuambiwa habari za mlima.

Mita ishirini alichukua Hedviga, za kuanikia mashuka.
Nyingine zikaenda kwenye sleji ya wajukuu wa Ctibor.
Kipande kile laini, urefu wa shubiri,
Blažej alikitia mfukoni akidhani hatumwoni.

Nje kipimajoto kilikuwa kikishuka.
"Ikifika kumi na tano chini ya sifuri," Ctibor akaanza,
"ile ya kushoto, ya kivulini, kesho itakuwa buluu."
"Itakuwa."
"Kwa kamba ya nani?"

Wote wakanigeukia.
"Yako ina umri gani?" akauliza Radka.

Neno "mitatu" lilikuwa tayari ulimini.
Nikalimeza na chai,
nikaanza kuhesabu upya, kwa vidole.