Reki

Kazi yangu ilikuwa kufuta.
Mwanariadha akishatua, akishapimwa,
naingia shimoni na reki yangu ya meno kumi na manne,
nausawazisha mchanga kama anayetandikia mgeni kitanda.
Miaka thelathini na mmoja, uwanja wa Lupeni,
nimefuta visigino, viganja, matako,
na jino moja, la mvulana aliyetua kwa uso.

Mchanga tuliuchota Mto Jiu,
tukauchekecha kwa chekeche la waashi,
ikifika Jumatano umeshakuwa mweusi.
Vumbi la makaa ya mawe halikuwa na adabu,
liliingia hata kwenye maziwa.
Ndiyo maana Veturia, binti wa Simion Crăsnic wa shimo namba nne,
alirudi nyumbani kila jioni na kaptura nyeusi nyuma,
na mama yake kila jioni akauliza amekalia nini.

Miaka kumi na miwili. Miguu mirefu kama deni.
Kocha Pleşa hakumtaka, alikuwa akisaka warusha tufe.
Mimi nilimwona kwanza. Sijisifu, nasema tu:
aliruka mfereji wa kuoshea makaa
akirudi dukani, jagi la mafuta ya alizeti mkononi,
na jagi halikumwaga tone.

Hatua kumi na tisa.
Nilizihesabu kwa masikio, nimempa mgongo:
saba za kuamka,
saba za kukasirika,
tatu ndefu, moja ndefu kuliko zote, ya mwisho fupi,
pa! ubao,
kisha kimya.

Kile kimya ndicho nilichokuwa nalipwa nacho,
maana mshahara haukutosha.
Watu husema kuruka ni kupaa. Uongo.
Kuruka ni kuanguka kunakokawizwa,
na yeye alijua kukawiza:
alipanda hewani ngazi mbili na nusu
ambazo hakuna fundi aliyezijenga.

Siku ya Praha tulijibana chumba cha pampu, redio moja, watu arobaini.
Mita saba kasoro sentimita mbili.
Simion alikuwa zamu, mita mia sita chini ya ardhi.
Wakampigia simu ya mgodini: binti yako ni bingwa!
Mzee akanyamaza, mashine zikinguruma nyuma yake,
kisha akauliza:
Ametua vizuri?

Wakampa medali, na nyumba ya vyumba viwili
yenye maji ya moto saa mbili kwa siku.
Wakampa picha ukutani, posta.
Halafu ikaja Athene.
Mara tatu ukucha wa kiatu ulichora udongo wa ubao,
mara tatu bendera nyekundu.
Bendera nyekundu haitoi maelezo.
Mwaka uliofuata kano ya kisigino ikakatika
kwa sauti ya kijiti kikavu, sauti niliyoisikia mimi, hapa hapa, mazoezini,
hatua ya kumi na nane.
Gazeti likaandika mistari minne.
Wa nne ulihusu mvua.

Mgodi ulifungwa. Mchanga siku hizi mweupe.
Hakuna anayefurahi.

Juzi amekuja, mwalimu sasa, miwani kwenye kamba,
na watoto sita, mmoja wao peku.
Akaniuliza kama niliwahi kuacha alama yake, hata moja,
usiku mmoja tu, kabla ya kuifuta.
Nilitaka kudanganya. Ulimi ulikuwa tayari.
Nikasema: Sikuacha. Kulikuwa na aliyekuwa akisubiri zamu.
Akacheka, akatikisa kichwa,
akaingiza mkono mchangani hadi kwenye kiwiko,
akakunja uso.
"Umegeuka jiwe huu," akasema. "Lete jembe.
Mchanga uliolala huvunja vifundo."

Tukachimba mpaka giza.
Yule peku alikuwa ameshaanza kuhesabu hatua.