Yai Lenye Mwiba

Kimekuja ndani ya chupa ya dawa,
kinyama kisichozidi punje ya mpunga:
Raya binti Shaame, miaka arobaini na moja,
wa Uwandani. Shingo ya uzazi.
Chini yake, kwa mwandiko wa haraka:
tazama saratani.

Nikakitia nta, nikakikata
wembamba wa ngozi ya kitunguu,
nikakinywesha rangi mbili, waridi na zambarau,
nikainamia hadubini
kutafuta nilichoagizwa: chembe zilizoasi,
viini vilivyovimba kwa kiburi.

Sikuviona.
Nilichokiona ni mayai.

Mayai, jamani, hapa Chake, saa nne asubuhi!
Moja, matatu, kisha kundi zima
limezingirwa na nyama iliyofura,
kila yai na mwiba wake mkiani,
mengine yameshageuka chokaa kwa kungoja.

Mdudu huyu nani asiyemjua?
Mvulana akikojoa damu, skuli tulicheka,
tukasema huyo sasa keshakuwa mkubwa.
Kila mwaka ililetwa fimbo ya kupimia:
unasimama kando yake, unyooshe shingo,
kimo chako ndicho hesabu ya vidonge.
Lakini fimbo haikushuka bondeni.
Haikumkuta aliyetolewa darasa la tatu
akapewa ndoo, na mpunga, na mto.

Na kizazi kilipogoma
hakuna aliyemtaja konokono.
Walitaja jini. Walitaja ulimi wa mke mwenza.
Waume wawili walimrudisha kwao,
wa pili akakizuia na kitanda.

Fomu ina visanduku viwili: Ndiyo. Hapana.
Nimetia alama kwenye Hapana,
kalamu ikakataa kuondoka,
nikaandika pembeni, kwa herufi za kubanana:
kichocho. Cha zamani, na cha juzijuzi.

Daktari yuko Unguja, mkutanoni.
Nikapiga simu mwenyewe.

"Si saratani, bi Raya."
Kimya. Kisha, "Alhamdulillahi.
Ni nini, basi?"
Nikamweleza mdudu. Nikamweleza konokono.
Nikamwambia, ni maji.
"Maji gani?"

Sikujibu. Nyuma ya sauti yake
nguo ilikuwa ikipigwa juu ya jiwe,
na mtoto, sijui wa nani, akicheka,
akijirusha, akiibuka, akijirusha tena.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," akaniambia,
"hapa pana kelele. Nafua."